Nani Alikigawa Kitabu? Safari Ndefu ya Sura

Mwishoni mwa sura ya 21 ya Matendo ya Mitume, Paulo amesimama kwenye ngazi za ngome mjini Yerusalemu. Umati uliotaka kumuua uko chini yake, na askari wa Kirumi wamemzunguka. Anaomba ruhusa ya kusema, anapewa. Anawapungia watu mkono, kelele zinakatika, naye anaanza kusema kwa Kiebrania. Hapo sura inakwisha. Maneno yenyewe yako sura ya 22, na msomaji aliyezoea kusoma sura moja kila jioni atamwacha Paulo ameinua mkono mpaka kesho yake.

Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hakuandika hivyo. Aliandika habari moja mfululizo, isiyo na sura wala namba za mistari. Sura tunazozijua leo zilikuja zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kwa mkono wa mtu mwingine, katika nchi nyingine, mwenye shida nyingine kabisa. Kwa sehemu kubwa ya historia ya vitabu, mambo yamekwenda namna hiyo: mmoja aliandika, mwingine akagawa. Na aliyegawa hakumfikiria msomaji anayeanza ukurasa wa kwanza na kumaliza wa mwisho. Alimfikiria mtu anayetafuta kitu: hakimu anayetaka kifungu, mwalimu anayetaka ushahidi, mhubiri anayetaka neno la Jumapili. Karne nyingi zilipita kabla waandishi hawajaichukua kazi hiyo mikononi mwao.

Enzi za magombo, hadi mwaka 100 BK

Kitabu cha Wagiriki na Warumi kilikuwa gombo la mafunjo. Karatasi za mafunjo ziligundishwa moja kwa nyingine mpaka zikafikia mita sita, nane au kumi, kisha zikaviringishwa. Maandishi yalipangwa kwa safu nyembamba, na katika magombo ya Kigiriki maneno yaliandikwa bila nafasi kati yake. Msomaji alifungua kwa mkono wa kulia huku akikunja kwa wa kushoto. Kurudi nyuma kutafuta jambo moja ilikuwa kazi ya kuchosha, maana hapakuwa na kurasa za kuhesabu.

Gombo lenyewe ndilo lililokuwa mgawo wa kwanza. Kilichoenea katika gombo moja kiliitwa kitabu, na kazi ndefu ikawa na vitabu vingi. Iliadi na Odisea za Homeri zina vitabu 24 kila moja, idadi ileile ya herufi za alfabeti ya Kigiriki, na kila kitabu kilipewa herufi yake. Wataalamu wengi wanauhusisha mpango huo na wasomi wa maktaba ya Alexandria, karne kadhaa baada ya tungo zenyewe kuimbwa. Historia ya Thucydides tunayo leo katika vitabu vinane, lakini zamani zilikuwapo nakala zilizogawa kazi hiyohiyo katika vitabu 13. Maneno yalikuwa ya Thucydides. Mgawo ulikuwa wa wanakili.

Vichwa vidogo vya kuongoza jicho vilianzia mahali pakavu zaidi: sheria. Vipande vya bamba la shaba nyeusi vilivyobaki kutoka Roma, vyenye sheria ya karibu mwaka 123 KK ya kuwashtaki maofisa walionyang'anya mali za watu mikoani, vina vichwa vifupi kabla ya vifungu, kila kimoja kikitaja kinahusu nini. Mlalamikaji au wakili aliyesimama mbele ya bamba hakuwa na haja ya kusoma sheria nzima. Alitafuta kichwa kinachomhusu, akasoma hapo, akaenda zake.

Mwanachuoni Plinius Mkubwa aliichukua hila hiyo akaipeleka kwenye elimu. Mwaka 77 BK alimtunukia Titus, mtoto wa mfalme na yeye mwenyewe mfalme mtarajiwa, kazi yake ya vitabu 37 kuhusu viumbe na maumbile. Kitabu chote cha kwanza ni orodha ya yaliyomo katika vile 36 vinavyofuata. Alimweleza Titus kwa adabu kwamba mtu mwenye majukumu kama yake hana nafasi ya kusoma yote, kwa hiyo amemwekea orodha ili yeye, na wengine baada yake, watafute wanachokitaka tu. Hata hivyo orodha ya Plinius ilikuwa na upungufu ambao hakuwa na namna ya kuuondoa. Ilimwambia msomaji habari fulani iko gombo la ngapi, basi. Ndani ya gombo, kila mtu alijitafutia mwenyewe.

Kitabu cha kurasa na meza kumi za Eusebius, 100–600

Umbo la kitabu lilipobadilika, mgawo nao ulipata nguvu mpya. Kuanzia karne ya kwanza BK, ngozi au mafunjo yaliyokunjwa na kushonwa upande mmoja yalianza kushindana na gombo. Wakristo walilipenda umbo hilo mapema kuliko wengine. Kitabu cha kurasa kilibeba Injili zote nne kwa pamoja, kiliandikwa pande zote mbili, na kilifunguliwa katikati bila kuviringishwa chochote. Mtu aliweza kuweka kidole kwenye Mathayo huku akisoma Luka.

Lakini kuziweka Injili nne katika jalada moja kulizaa swali: habari ileile iko wapi kwa Mathayo, wapi kwa Marko? Eusebius, askofu wa Kaisaria huko Palestina aliyefariki karibu mwaka 339, alilijibu kwa namba. Kila Injili ilikatwa vipande vidogovidogo vyenye namba zake: Mathayo 355, Luka 342, Yohana 232. Kisha Eusebius akachora meza kumi. Ya kwanza ilipanga habari zinazopatikana katika Injili zote nne, zilizofuata zikapanga zile zilizo katika tatu au mbili, na ya kumi zile zilizo kwa mwandishi mmoja peke yake. Pembezoni mwa ukurasa, karibu na kila kipande, msomaji aliikuta namba ya kipande, na chini yake kwa wino mwekundu namba ya meza ya kuiendea. Alifika kwenye meza, akauona mstari wenye namba za Injili nyingine, akafunua kurasa mpaka huko.

Njia hiyo ilienea kila palipofika Injili. Kaskazini mwa Ethiopia, karibu na Adwa, monasteri ya Abba Garima imehifadhi vitabu vya Injili kwa Kige'ez ambavyo kwa vipimo vya kaboni ni vya kati ya karne ya 4 na ya 7. Kurasa zake za mwanzo zina meza za Eusebius zilizopangwa kati ya nguzo zilizopakwa rangi, chini ya matao, na ni miongoni mwa meza za kale kabisa za aina hiyo zilizosalia duniani.

Wakati huohuo nakala za Kigiriki zilikuwa na mgawo mwingine wenye vichwa vya habari: 68 kwa Mathayo, 48 kwa Marko, 83 kwa Luka, 18 kwa Yohana. Hapa pana jambo la kushangaza msomaji wa leo. Kichwa cha kwanza cha Mathayo hakiko mwanzoni mwa Mathayo. Kiko kwa mamajusi waliofuata nyota, jambo ambalo kwetu linaanza sura ya pili. Wagawaji wale hawakukikata kitabu chote katika vipande vinavyolingana. Walitia alama pale penye tukio ambalo mtu angelitafuta, na nasaba ya mwanzo waliiacha bila kichwa.

Sura, juzuu na mlango, 600–900

Qurani ilikuja na mgawo wake ndani yake. Sura 114 ni sehemu ya kitabu chenyewe, kila moja na jina lake: Ng'ombe, Nyuki, Buibui, Mwezi. Urefu wake hautegemei kipimo chochote cha nje. Al-Baqara ina aya 286, Al-Kawthar ina tatu.

Juu ya mgawo huo uliwekwa mwingine uliozingatia urefu tu: juzuu 30 zinazokaribia kulingana. Huu ni mgawo wa msomaji mwenye siku 30 mbele yake, na ndiyo maana mwezi wa Ramadhani misikiti mingi, ya pwani yetu na ya kwingineko, hukamilisha khitma kwa kusoma juzuu moja kila usiku katika tarawehe. Watoto wa madrasa huijua juzuu ya mwisho, Amma, kabla ya zote, kwa kuwa sura zake ni fupi.

Migawo miwili hiyo ikikutana, kila mmoja huonyesha kazi yake. Katika Suratul Kahf, Nabii Musa anafuatana na mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri, naye Musa ameahidi kutomuuliza neno. Khidhri anaua kijana, Musa anashindwa kunyamaza, anamlaumu. Hapo juzuu ya 15 inakwisha. Jibu la Khidhri ndilo linalofungua juzuu ya 16. Sura haikukatika, kisa hakikukatika. Kilichokatika ni kisomo cha usiku huo, kwa sababu kipimo cha juzuu ni wingi wa maneno.

Wanachuoni wa Kiislamu walikwenda mbele zaidi katika vitabu vyao wenyewe. Kazi kubwa iligawanywa katika vitabu, kitabu katika milango, mlango katika fasili. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizipanga hadithi zake katika milango zaidi ya 3,000. Kichwa cha mlango kwake kilikuwa hoja. Aliweza kuirudia hadithi moja chini ya milango kadhaa, kila mara akiitolea hukumu nyingine, na ipo milango yenye kichwa kisichofuatwa na hadithi yoyote. Ndipo ukawapo usemi kati ya wanachuoni kwamba fiqhi ya Bukhari imo katika vichwa vya milango yake. Mtu mmoja alikusanya maneno asiyoyatunga, akasema yake kwa njia ya kugawa tu.

Paris, 1180–1250

Mwishoni mwa karne ya 12, wanafunzi kutoka Uingereza, Italia, Ujerumani na Hispania walifurika Paris kusoma teolojia. Kila mmoja alikuja na Biblia ya kwao, na kila Biblia ilikuwa imegawanywa kivyake. Mwalimu akisema jambo fulani liko sura ya tano ya Isaya, huyu alifungua hapa, yule pale. Darasa lililotegemea kutaja ushahidi na kuupima mbele ya watu halikuweza kwenda hivyo.

Stephen Langton, Mwingereza aliyefundisha huko miaka mingi, ndiye anayetajwa kuwa aliyeweka mgawo uliokuja kushika. Alikuwa mfafanuzi wa Biblia nzima, kwa hiyo shida hiyo aliikuta kila siku kazini. Sura zake zilikuwa na urefu wa kutosha kwa somo moja. Mwaka 1206 Papa Innocent III alimfanya kardinali, na mwaka uliofuata akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mfalme John alimkataa, akakaa uhamishoni mpaka 1213, na miaka miwili baadaye alikuwa kati ya waliosimamia mapatano ya Magna Carta. Historia ya siasa inamkumbuka kwa mapatano hayo. Darasani alikuwa ameacha kitu kilichosambaa mbali zaidi.

Kilichokisambaza ni biashara. Kuanzia karibu mwaka 1230, mafundi wa Paris walitengeneza Biblia za jalada moja, kwa ngozi nyembamba mno na mwandiko mdogo mno, ambazo mtawa aliweza kuzitia mkobani. Namba za sura ziliandikwa kwa rangi nyekundu na buluu ili jicho lizione haraka. Wahubiri wa mashirika mapya, Wadominiko na Wafransisko, walisafiri nazo kote Ulaya. Waliponunua Biblia ya Paris walinunua pia sura za Paris, na migawo ya zamani ikafa polepole.

Katika nyumba ya Wadominiko ya Saint-Jacques, chini ya Hugh wa Saint-Cher, watawa walitumia mgawo huo kutengeneza itifaki ya kwanza ya Biblia ya Kilatini: orodha ya maneno yenye kuonyesha kila mahali neno linapotokea. Sura pekee haikutosha kuelekeza, basi waliigawa kila sura katika sehemu saba kwa makisio na kuziita kwa herufi, kutoka a mpaka g. Msomaji aliyeelekezwa kwenye herufi g alijua atazame mwishoni mwa sura. Sasa watu wawili walio nchi mbili tofauti waliweza kuandikiana barua na kuelekezana mahali pamoja ndani ya kitabu kikubwa.

Faida hiyo ilivuka hata mpaka wa dini. Katika karne ya 15 huko Provence, Isaac Nathan ben Kalonymus alitunga itifaki ya Biblia ya Kiebrania, akatumia sura za Wakristo kwa sababu katika mabishano ya dini pande zote mbili zilihitaji kutaja mahali pamoja. Wachapaji wa Venice waliziingiza namba hizo katika Biblia za Kiebrania karne iliyofuata. Gombo la Torati linalosomwa sinagogi lilibaki kama lilivyo, na mapengo yake ya kale, bila namba hata moja.

Mchapaji na mgawo wake, 1450–1707

Uchapaji ulimpa mgawaji uwezo mpya, kwani alichokigawa kilitoka nakala mamia kwa mara moja. William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, alikuwa ameishi Bruges, mahali ambapo visa vya zamani viliandikwa upya kwa nathari na kukatwa katika vipande vyenye vichwa. Mwaka 1485 alichapa visa vya Mfalme Arthur vilivyoandikwa na Thomas Malory, mtu aliyeandika akiwa gerezani na aliyekuwa amekwisha kufa. Caxton alieleza waziwazi katika dibaji kwamba yeye ndiye aliyeigawa kazi hiyo katika vitabu 21, vyenye jumla ya sura 507, na akatoa orodha yake ili wasomaji waelewe kwa haraka.

Kwa karibu miaka 450 hapakuwa na namna nyingine ya kumsoma Malory. Wasomaji na washairi walikichukua kitabu cha Caxton kuwa kimoja, chenye mwanzo wa ufalme na mwisho wake. Kisha mwaka 1934, Walter Oakeshott, mwalimu katika shule ya Winchester College, akikagua vitabu vya zamani kwenye sefu, alikuta hati ya mkono ya kazi hiyo. Haikuwa na sura za Caxton. Ilikuwa na herufi kubwa zilizopambwa na maneno ya kufungia kila mwisho wa kisa, yaliyoonyesha kwamba Malory alifunga na kuanza upya mara kadhaa. Eugène Vinaver aliichapisha mwaka 1947 kama visa vinane, chini ya jina lenye kumaanisha kazi nyingi. Tangu hapo wasomi hawajaacha kubishana: je, Malory aliandika kitabu kimoja au vinane? Ubishi wote umetokana na pale mchapaji alipokata.

Upande wa Biblia, hatua iliyobaki ilikuwa mistari. Robert Estienne, mchapaji wa Paris aliyekimbilia Geneva kwa sababu ya ugomvi na wanateolojia, alichapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1551 akiwa ametia namba za mistari ndani ya kila sura. Mtoto wake Henri aliandika baadaye kwamba kazi hiyo baba yake aliifanya akiwa safarini, kwa farasi, kutoka Paris kwenda Lyon. Wenye mzaha wakasema basi mistari iliyokatwa vibaya ni pale farasi alipojikwaa. Miaka miwili baada ya Agano hilo, Estienne alitoa Biblia nzima ya Kifaransa kwa mpango huo, na mwaka 1560 Biblia ya Geneva ya Kiingereza ikaufuata, kila mstari ukianza upya kama aya yake.

Matokeo yalionekana ndani ya vizazi viwili. Watu walianza kusoma, kukariri na kugombana kwa mstari mmoja mmoja. Mwanafalsafa John Locke, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1707 baada ya kifo chake, alilalamika kwamba nyaraka za Paulo zimekatwakatwa mpaka watu wa kawaida wanadhani kila mstari ni usemi unaojitegemea, na kila dhehebu linajichagulia vipande vinavyolifaa. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutafuta kilikuwa kimebadilisha namna ya kuelewa.

Waandishi wanajigawia wenyewe, 1605–1900

Miguel de Cervantes ndiye aliyeonyesha nini kinawezekana mwandishi akijigawia mwenyewe. Katika Don Quijote ya mwaka 1605, sura ya nane inaishia katikati ya pigano: Don Quijote na Mbaski wamenyanyua panga, na msimulizi anasema hati aliyokuwa akiifuata imeishia hapo. Sura ya tisa inamkuta sokoni Toledo, akinunua daftari za Kiarabu kutoka kwa kijana mwenye kuuza makaratasi, na ndani yake mna habari iliyobaki, iliyoandikwa na mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli. Hati hiyo haikuwapo popote. Cervantes alikuwa anacheza na wanakili, wafasiri na wagawaji wote wa karne zilizotangulia, na msomaji aliyekuwa na hamu ya panga ilibidi asubiri.

Henry Fielding, katika riwaya yake ya mwaka 1742 kuhusu Joseph Andrews, aliweka sura nzima ya kuzungumzia mgawo wa vitabu. Alisema nafasi kati ya sura na sura ni kama nyumba ya wageni njiani, ambapo msafiri hushuka akanywa kidogo na kutafakari alikotoka, na kichwa cha sura ni kama kibao cha mlangoni kinachosema ndani kuna nini. Jambo hilo halikuwamo katika fikra za Plinius wala Langton. Kwao sura ilikuwa anwani. Kwa Fielding ilikuwa pumziko.

Laurence Sterne aliona kwamba kama sura ni mazoea, mazoea yanaweza kuchezewa. Katika riwaya yake ya Tristram Shandy, iliyotoka kati ya 1759 na 1767, sura moja haipo, namba za kurasa zinaruka, na sura inayofuata inaeleza kwa nini msimulizi ameichana: ilikuwa nzuri mno kuliko jirani zake. Mahali pengine sura mbili ni kurasa tupu, na maneno yake yanakuja baadaye, nje ya zamu. Zaidi ya karne moja baadaye, huko Brazil, Machado de Assis alimfuata kwa riwaya ya mwaka 1881 yenye sura 160 fupi, mojawapo ikiwa mazungumzo ya wapenzi wawili yaliyoandikwa kwa nukta na alama za uandishi peke yake.

Si kila aliyetumia sura alikuwa akicheza. Olaudah Equiano, aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, alichapisha maisha yake London mwaka 1789 katika sura 12, kila moja ikitanguliwa na muhtasari wa yatakayokuja. Maisha yaliyokatwa na wenye kumnunua na kumuuza yalipangwa upya na mwenyewe, akiamua kila kipindi kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Pesa nazo zilikuwa na neno. Charles Dickens alianza Pickwick Papers mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi vya shilingi moja. Mwandishi aliyelipwa hivyo alilazimika kufikiria mambo mawili: kipande cha leo kitosheleze, na cha mwezi ujao kinunuliwe. Mwisho wa sura ukawa mahali pa kumwacha msomaji na swali. Magazeti ya Kiswahili yaliyochapa hadithi za mfululizo, na sasa watunzi wanaotuma visa vyao kwa WhatsApp na Facebook, wamerithi biashara hiyohiyo pamoja na neno lake la kufungia: itaendelea.

Kutoka Mombasa hadi mahakamani, 1844 hadi leo

Pwani ya Waswahili ilikuwa na maandishi yake zamani kabla ya wamisionari. Utenzi mrefu kama Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728 huko Pate, una beti zaidi ya elfu moja zinazofuatana bila sura. Aliyeuimba au kuusikiliza aliongozwa na kina cha mwisho wa kila ubeti na mpango wa kisa. Sifa za Mungu mwanzoni, kisha habari yenyewe. Namba za beti ziliongezwa na wahariri walioutia katika chapa.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji. Sura tatu za kwanza zilichapwa nchini Marekani katika muongo huohuo, na ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya Kiswahili kupita mtamboni. Kipimo kilichochaguliwa kilikuwa sura, na sura zenyewe zilikuwa za Paris. Tafsiri zilizofuata, mpaka Biblia ya Union ya mwaka 1952, zililingana nazo namba kwa namba, kiasi kwamba Mluteri wa Moshi na Mwanglikana wa Mombasa wakitajiana mlango na mstari wanafika mahali pamoja.

Nathari ndefu ya Kiswahili nayo ilipata wagawaji. Desturi za Wasuaheli, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1903, ina maneno mengi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, lakini aliyeitayarisha kwa chapa ni Carl Velten. Kitabu kinaanza na kuzaliwa kwa mtoto na kuendelea mada baada ya mada, kwa mpango wa mtu anayetaka kuwachunguza watu na kupata haraka habari za ndoa, kilimo au mashtaka. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kugawa. Mhusika mkuu, Karama, anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliokwenda pande sita na kurudi kuadhibiwa. Kila safari ni kisa chake, na kila kisa kinaongeza uzito wa shtaka dhidi ya watawala. Ukiviunganisha kuwa kimoja, utetezi unapoteza nguvu, kwa sababu nguvu yake iko katika kurudiwa kwa dhuluma ileile.

Msomaji anayetafuta hajatoweka. Mwanafunzi wa sekondari Kenya mwenye mtihani wa fasihi hununua mwongozo wenye muhtasari wa kila sura, na katika insha yake hutaja tukio kwa sura lilimotokea. Kitabu cha kielektroniki kimemtia nguvu zaidi. Ukikuza herufi kwenye simu, kurasa zinabadilika zote, na namba ya ukurasa haimsaidii mwenzako mwenye simu nyingine. Sura haibadiliki.

Mahali ambapo jambo hili lina uzito mkubwa ni palepale lilipoanzia, kwenye sheria. Bunge la Uingereza lilizihesabu sheria zote za kikao kimoja kuwa kitabu kimoja, na kila sheria kuwa sura yake. Serikali za kikoloni zilileta utaratibu wa sura katika makusanyo ya sheria za Afrika Mashariki. Hadi leo wakili wa Nairobi anaitaja Kanuni ya Adhabu ya Kenya kuwa Sura ya 63, na wa Dodoma anaitaja ya Tanzania kuwa Sura ya 16. Tanzania imetoa matoleo ya sheria zilizorejewa mwaka 2002, 2019 na 2022. Vifungu vimefutwa, vingine vimeongezwa, adhabu zimebadilishwa, na katika matoleo yote hayo Kanuni ya Adhabu imebaki Sura ya 16. Kuihamisha kungegharimu kupita faida, maana kila hukumu, kila hati ya mashtaka na kila kitabu cha mwanafunzi wa sheria kilichoandikwa kabla kingeelekeza mahali pasipo. Mgawaji anapokwisha kusikilizwa na watu wa kutosha, hata mwenye kitabu hana tena uwezo wa kumrekebisha.